Dada, friji kwanza halafu ndo blenda

Dada shikamoo,

Voisi yako ya dakika nne nimeisikiliza yote nikiwa kwenye basi natoka kazini, nikairudia tena mpaka bibi mmoja wa siti ya pembeni akawa ananitazama, manake kuna sehemu jogoo anawika na mi nikacheka peke yangu, jogoo wa kwa Mama Saumu yule, hajachinjwa mpaka leo? Basi nimesikia. Blenda ya juisi zako za kuuza imeungua, laki nne, na kama nina uwezo niongezee na ya friji ya mlango wa kioo. Friji dada. Tuanzie hapohapo.

Mwaka jana mwezi wa sita nilituma laki nane ya friji. Shabani akasema yeye ndo ataenda dukani kwa sababu we hujui kukagua kompresa. Haya, friji ikatoka dukani ina magurudumu mawili na inabeba abiria stendi ya Kange hapo Tanga. Hata picha sijatumiwa. Nilinyamaza kwa ajili ya mama tu, presha yake naijua, lakini ile hela ni wikiendi sita sikulala na hayo tuyaache, mi mzima, baridi imeisha, mgongo unauma kidogo tu ni mambo ya umri. Ila nikisikia tena neno friji roho inapiga paa!

Sasa sikia, blenda sitanunua saa hizi na sio ubahili. Nina kitu kizuri zaidi cha kukupa.

Si unajua niko jikoni kwa Wameksiko hapa Chicago, mtaa wao unaitwa Little Village ila wenyewe wanasema La Villita, barabara ya 26, mitaa ina namba kama kwetu Ngamiani vile, na pale mwanzoni kuna tao kubwa juu ya barabara limeandikwa Bienvenidos, yaani karibuni. Jumamosi nikipita pale na wauza mahindi na embe za pilipili nasahau kabisa niko wapi, mpaka upepo upige. Mwanzo nilikuwa huko nyuma kwenye masufuria. Siku hizi dada mi ndo mwenye maji! Usicheke. Kuna vinywaji vyao vinaitwa aguas frescas, ni maji ya matunda, yanakaa mbele kwenye madumu ya kioo manene kama mapipa, mekundu, ya kahawia, meupe, na upawa mrefu ndani, mteja anaingia kashaona rangi kashatamani hata kiti hajavuta. Hayo yote sita ya kila siku nayatengeneza mimi. Mwezi uliopita kulikuwa na sherehe ya binti katimiza miaka 15, kwao hiyo ni kama harusi, gauni, mziki, keki ya ghorofa, wakaagiza maji kwetu na babu yake akaja mpaka jikoni kuuliza nani kapika ule ukwaju. Doña, bi mkubwa wa jikoni, akaninyooshea kidole. Babu akanishika mkono kwa mikono miwili.

Ndio, ukwaju. Wao wanaita tamarindo na Doña, kwao Guerrero, pwani ya Meksiko, anaapa ni tunda la kwao toka dunia iumbwe. Nikamwambia, mama, asili ya mti huu ni Afrika. Akaita jiko zima waje wacheke. Nikatoa simu nikamuonyesha ule mti wa bibi Pangani, ile picha ya Idi mmekaa chini yake we umefumba macho. Akanyamaza. Halafu kijana mmoja anayesoma soma akasema jina lenyewe ni la Kiarabu, tamr hindi, tende ya Kihindi. Kwa hiyo tunda la Afrika, jina la India kwa mdomo wa Mwarabu, na anayejisifia ni Mmeksiko. Tulicheka sana siku hiyo. Toka hapo ukwaju ni wangu, hagusi mtu.

Na ndo maana nakwambia blenda ngoja. Ukwaju hautaki blenda. Chukua ukwaju wa maganda robo kilo, bandua, toa na ile mizizi mizizi, weka kwenye sufuria na lita moja ya maji chemsha robo saa mpaka ulegee. Uache upoe kiasi cha mkono kuvumilia, ufikiche kokwa zitoke zote, chuja kwa chujio la nyaya, hata kile kifumbu cha mama cha tui kinafaa ukikiosha vizuri. Sukari weka wakati bado uko moto, hapa ndo unapokosea dada, unakorogea sukari kwenye maji baridi inalala chini, mteja wa kwanza anakunywa ndimu wa mwisho anakunywa asali. Kikombe kimoja cha sukari kinatosha, onja. Halafu ongeza lita nyingine moja ya maji baridi yaliyochemshwa. YALIYOCHEMSHWA, na barafu pia usiokote ya kila mtu.

Usifanye zito. Mi siku ya kwanza nilitengeneza zito kama juisi yetu ya parachichi nikijua nimeua, Doña akaonja akasema hiki chakula. Agua ni maji, mtu anywe glasi mbili na bado chakula kiingie. Kwako we hiyo ni faida, tunda moja linakwenda mbali.

Cha pili ni choya. Huku wanaiita jamaica, tamka hamaika, wala sio ile nchi. Ni choya ileile tu dada, ile ya Dodoma. Maua makavu kikombe kikubwa kimoja, maji lita mbili, chemsha dakika tano kumi, zima moto funika yakae, chuja, sukari, poza. Inatoka nyekundu ya kweli kabisa, kwa hiyo ule unga wako wa rangi wa pakiti tafadhali tupa, nilikuwa nakuonea aibu kukwambia.

Cha tatu mama asisikie. Kinaitwa tepache. Yale maganda ya nanasi unayomtupia mbuzi wa jirani, yaoshe, weka ndooni na ule moyo wa katikati, maji lita mbili, sukari guru robo kilo, mdalasini kijiti na karafuu tatu nne, funika kitambaa safi uache siku mbili. Litafanya povu juu, engua. Linakuwa na gesi ya kuchoma choma puani kama soda, tamu! Lakini ukilisahau siku ya nne ya tano linageuka pombe, na hata hilo la siku mbili sio kwamba halina kabisa, kwa hiyo we fikiria mwenyewe wateja wako wa pale msikitini. Labda uliache. Mi nimekwambia tu kwa sababu nanasi linaniuma linavyotupwa.

Umeme ukikatika hivyo vyote vinaendelea. Tikiti nalo ukiliponda na mchi ukalisukuma kwenye chujio linatoka, ndimu mbili, maji, tikiti la kilo tano unapata lita sita hivi. Wana na la mchele, horchata, mchele unalowekwa usiku kucha na mdalasini ukasagwa ukachujwa, hilo ndo linataka blenda kweli, na mama atasema ni uji uliopoa. Nilivyoinywa mara ya kwanza nilimuona mama kabisa na bakuli lake, nikaenda stoo nikajifanya natafuta sukari.

Basi. Natuma laki na nusu, inakuja kwenye namba YAKO, Shabani asijue mpaka umeshanunua chujio kubwa mbili na yale madumu ya kioo, tafuta pale soko la Mgandini au popote, yawe na mfuniko na yaonekane ndani. Kaa mwezi mmoja uniambie umeuza ngapi, kila siku andika kwenye daftari, tukiona inakwenda hiyo blenda naleta mwenyewe mkononi. Na mwambie Shabani sijakasirika. Mwambie nataka picha ya pikipiki tu, na yeye juu yake kavaa helmeti.

Mtoto wa shangazi anarudi huku Desemba. Huu ukwaju wa huku ni wa pakiti, umeshindiliwa na chumvi chumvi, naupika mpaka wanausifia lakini mi nikiuonja najua. Mti wa bibi ukizaa mnifungie kilo moja na maganda yake, msibandue. Mwambieni aweke kwenye begi la mkononi.