Karatasi za majirani zimo kwenye kompyuta iliyoingiliwa. Niwaambie?

Mshauri, salaam kwako na kwa wasomaji wenzangu.

Ninaishi Kihonda, Morogoro. Huu ni mwaka wa sita nachapa na kuskani karatasi za watu nyumbani, kwa kompyuta ya mezani iliyopo sebuleni. Sina kibao nje. Wanaokuja ni majirani, watoto wa majirani, na wanaoelekezwa na hao. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu nyumba hujaa vijana wenye vyeti vya kuzaliwa vya kuhakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na nafasi za kazi serikalini zikitangazwa Ajira Portal wanarudi na vyeti vya shule na vitambulisho vya taifa vya NIDA. Kila mmoja nimemfungulia folda yake, na sijawahi kufuta, ili akirudi mwaka unaofuata asilipie tena kuskani. Folda hizo sasa zimepita 140, na ndizo zinazoninyima usingizi.

Mwezi uliopita programu ya kuandikia iligoma, ikadai leseni. Mwanangu, aliyemaliza kidato cha sita, akapakua mtandaoni programu ya kuifungua bure, kama wanavyofanya wengi mtaani. Maelekezo yalisema uzime antivairasi kwanza, la sivyo haitafanya kazi. Akazima. Ikafunguka, tukashukuru, tukaendelea. Simlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyemhimiza atafute njia, maana wateja walikuwa wameketi wanasubiri.

Siku ya nne dada yangu wa Dodoma akapiga simu ana wasiwasi: hizo shilingi 300,000 za matibabu nilizomwomba kwa barua pepe, anaumwa nani? Sikuwa nimemwandikia chochote. Nikabadilisha neno la siri palepale, kwenye kompyuta ileile. Baada ya siku mbili wakaingia tena. Nikabadilisha, wakaingia. Mpwa wangu mwenye ujuzi wa kompyuta ndiye aliyenifumbua macho. Programu ile ilikuja na kirusi kinachochota maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, pamoja na vile vijifaili vinavyofanya usiulizwe neno la siri kila unapofungua akaunti. Kila nilipoandika neno jipya kwenye mashine ile, nilikuwa namkabidhi mwizi ufunguo mpya.

Basi tukachomoa modemu, tukatumia simu ya mume wangu. Tulibadilisha neno la siri, tukaondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia kwenye akaunti, tukawasha uthibitisho wa hatua mbili. Mpwa wangu akasisitiza tukague na mipangilio ya barua pepe, na kweli tukakuta wameweka agizo kwamba nakala ya kila barua inayoniingilia ipelekwe kwenye anwani nisiyoijua. Tungeliacha hilo, wangeendelea kunisoma hata bila neno la siri. Benki nimekwenda mwenyewe. Polisi wamenipa RB, namba ya taarifa yangu. Nimepiga *106#, laini zote zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA ni zangu. Kwa upande wangu nadhani nimeziba.

Kisha wiki iliyopita akaja binti mmoja niliyemjazia fomu mwaka jana, simu mkononi. Anatumiwa ujumbe wa kudaiwa mkopo wa mtandaoni ambao hakuukopa, na jina lake na namba yake ya NIDA vimeandikwa bila kosa. Alikuja kuniomba nimchapie barua ya malalamiko. Nikamwambia mashine ni mbovu. Sikumwambia ubovu wake ni upi.

Sina uhakika kwamba namba yake ilitokea kwangu. Nakala za vitambulisho tunaziacha gesti, tunaziacha kwa mawakala, na programu zenyewe za mikopo ni nyingi kiasi kwamba Benki Kuu, Novemba 2024, ilipiga marufuku 69 zisizo na leseni. Huenda ilivujia kwingine kabisa. Lakini ilikuwa na kwangu pia, kwenye mashine iliyokaa wazi siku nyingi, na mwizi aliyechota maneno yangu ya siri sioni kwa nini angepita folda yenye kitambulisho cha mtu bila kuifungua.

Baba watoto anasema nikae kimya. Kwake, nikianza kugonga milango ya watu 140 nitakuwa nimefunga biashara kwa mikono yangu, na kila atakayetapeliwa miaka mitatu ijayo atanyoosha kidole kwangu. Ada ya mwanetu inategemea kazi hii, na hilo nalijua kama anavyolijua yeye. Ila nikikaa kimya, binti wa watu hatajua kwamba anapaswa kupiga *106# na kukagua, wala kutilia shaka anayempigia akimtajia majina yake matatu na shule aliyosoma.

Ninaomba unisaidie kwa haya. Niwaambie wote, au wale tu ambao vitambulisho vyao vilikuwemo, na kwa maneno gani yasiyozua taharuki? Je, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamgusa hata mama anayeskani sebuleni, na je, ninatakiwa kutoa taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi? Mpwa wangu anataka kufuta mashine yote na kuweka mfumo upya: nikihamisha picha na PDF kwenye flashi bila kugusa programu yoyote, kirusi hakitanifuata? Tena inatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitolea maboresho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa uzee wake haipokei toleo la 11. Ni haki kweli kuendelea kuwekea karatasi za watu humo?

Nakuomba usinicheleweshee jibu. Kwa sasa nimeifunika kanga na waya wa umeme nimeuchomoa. Binti yule amesema atapita Jumamosi kuangalia kama mashine imepona.

Mama wa Kihonda,
Morogoro