Yah: Malalamiko kuhusu mikuo ya alumini iliyochanganyika na madini ya risasi na chuma

Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Kuyeyusha na Kuuza Alumini,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Karakana yetu inasubu, yaani inamimina alumini iliyoyeyushwa kwenye kalibu, kutengeneza puli za mashine za kusaga, maganda ya pampu za maji na sufuria kubwa zinazonunuliwa na mama lishe, shule na watu wa shughuli. Tumekuwa wateja wenu tangu mlipoanza kuuza mikuo ya aloi, yaani alumini iliyochanganywa na vitu vingine kwa vipimo, na mara zote tumelipa kabla mzigo haujatoka getini kwenu. Kwa ajili ya uhusiano huo nimeona nikuandikie wewe kwanza. Kwa jinsi ofisa wako alivyonijibu kwenye simu, sidhani kama ofisini kwenu kuna anayejua mlichotuuzia.

Tuliagiza tani moja ya LM6 katika mikuo midogo, zile ingoti za kilo sita sita. Ankara yenu inasema LM6 na cheti mlichoambatanisha kinasema LM6, yaani silikoni asilimia 10 hadi 13, chuma kisichozidi asilimia 0.6, shaba, zinki na risasi kila moja isizidi asilimia 0.1, na sehemu yote iliyobaki ni alumini. Hatukuchagua aloi hiyo kwa kubahatisha. Silikoni nyingi namna hiyo huifanya iyeyuke mapema, kwenye nyuzi joto 575 za Selsiasi hivi badala ya 660 za alumini tupu, na iteleze vizuri hadi kwenye kona nyembamba za kalibu ya mchanga. Kwa kuwa shaba ni kidogo, ganda la pampu linakaa kwenye maji miaka mingi bila kuliwa. Mafundi wetu wamezoea kazi hiyo na wanajua inavyopaswa kuonekana.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa mteja. Puli ya mashine ya kusaga ilipasuka kuanzia kwenye tundu la shafti, na mpasuko wake ulikuwa mkavu, wenye chembe kubwa zinazometameta. Tukajua chuma kimezidi. Chuma kikizidi ndani ya alumini hakitulii kimeyeyuka. Wakati wa kuganda kinajitenga na kufanya vijisindano vigumu, na mzigo ukija puli inakatikia hapo. Tukachukua mkuo ambao haujaguswa, tukaupasua kwa nyundo. Katikati mlikuwa na uwazi wenye majivu, na pembeni ya uwazi bolti nzima, kichwa na nyuzi zake, imeganda ndani. Sampuli tulizopeleka maabara zimerudi na chuma zaidi ya mara mbili ya kikomo cha cheti chenu. Nakala ya majibu nimeiambatanisha.

Kama ingekuwa chuma peke yake, ningedai fedha na barua ingeishia hapa. Lililonikosesha usingizi ni risasi.

Siku tuliyosubu sufuria kwa mzigo huo, baada ya kumimina, fundi wa tanuri aliacha chungu cha kuyeyushia kipoe kama kawaida. Masalia ya alumini ukutani mwa chungu yalishakuwa magumu kabisa, lakini chini kabisa kulibaki kitu cha majimaji, kizito, kinachochezacheza ukikitikisa. Alumini haifanyi hivyo. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, kwa hiyo inabaki majimaji muda mrefu baada ya alumini kuganda, na kwa kuwa uzito wake ni gramu 11.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo dhidi ya 2.7 za alumini, inazama. Kilipoganda tukakigonga kikatoka kipande cha mviringo. Kinakatwa kwa kisu cha mfukoni, na ukikisugua kwenye karatasi kinaacha mstari wa kijivu. Nimekihifadhi, na wakati wowote mkimtuma mtu wenu nitamwonyesha.

Risasi yote haizami. Nyingine hubaki imetapakaa ndani ya alumini katika chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na hizo ndizo zinazokwenda kwenye ukuta wa sufuria. Humo ndimo utakapopikwa mchuzi wa nyanya na ndimu, au maharage ya wanafunzi mia kadhaa, moto kutwa nzima. Utafiti wa sufuria za chakavu kutoka Cameroon, uliochapishwa mwaka 2014, ulichemsha maji yenye asidi ya siki ndani ya sufuria za aina hiyo na kukuta risasi ikitoka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inaharibu ubongo unaokua. Sufuria zote tulizosubu kwa mzigo huo zimefungiwa stoo. Hakuna hata moja itakayouzwa, na hasara hiyo iko ndani ya madai yangu.

Ilikotoka risasi hiyo naweza kukuambia bila kufika kwenye yadi yenu. Rimu za magari ni chakavu nzuri ya alumini, lakini pembeni zimebanwa vile vipande vya balansi vya kusawazisha gurudumu, na vingi ni vya risasi. Kijana mwenye koleo anavitoa kwa dakika moja kwa kila rimu. Asipopewa koleo na muda, rimu inaingia tanurini na balansi zake, kama ilivyoingia ile bolti iliyokuja na kipande cha injini.

Naomba nieleweke vizuri hapa, maana ofisa wako alidai nadharau chakavu. Sidharau. Kuyeyusha alumini ya zamani kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitoa alumini kwenye madini yake, na nchi isiyo na kiwanda cha kuitoa madinini kama yetu haina sababu ya kuiacha chakavu iondoke. Viwanda vya namna hiyo viko mbali, kama Mozal iliyojengwa karibu na Maputo na kuanza kuzalisha mwaka 2000, na Sohar kule Oman, iliyoanza 2008. Mikuo ya chakavu iliyochambuliwa vizuri nimeinunua kwenu miaka yote na nikajivunia nilichotengeneza nayo. Ninachokataa ni kuuziwa chakavu isiyochambuliwa kwa jina la LM6.

Na bei mliyotutoza ni ya LM6. Kwenye ankara mmeandika kwamba hesabu imefuata bei ya alumini ya soko la metali la London ya siku ile, ikiongezwa gharama zenu. Soko hilo limekuwapo tangu 1877, na alumini inayouzwa hapo kwa mafungu ya tani 25 haipungui asilimia 99.7 ya usafi, tena ni ya viwanda ambavyo alama zao zimesajiliwa na soko lenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kununua mzigo ulioko ghala la nchi nyingine, akaulipia na kuuza tena bila kuuona kwa macho. Mikuo yenu haina alama ya kiwanda wala namba ya mkupuo wa kuyeyusha. Ina mstari wa rangi nyekundu tu uliopakwa kwa brashi. Mkifuata bei ya London, fuateni na nidhamu ya London.

Kuna jambo jingine ambalo ofisa wako hakutaka hata kulisikiliza. Mzigo ulifika kwenye lori lisilo na turubai, masika, umelowa chapachapa. Huwa tunaipanga mikuo kando ya mdomo wa tanuri mpaka ikauke, na hii tuliipanga pia. Lakini mkuo wenye uwazi ndani unaficha maji pasipofikiwa na joto la nje. Mmoja ulipotumbukizwa kwenye alumini iliyoyeyuka, maji yaligeuka mvuke kwa mkupuo mmoja, yakatanuka zaidi ya mara elfu moja, na alumini ikaruka hadi kwenye paa. Kijana wetu ameungua mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alikuwa amevaa miwani na aproni, la sivyo leo ningeandika barua ya namna nyingine. Risiti za hospitali nimeziambatanisha.

Majibu niliyopewa ni mawili: kwamba "alumini ni alumini, yeyusha tena utoe taka", na kwamba mali ikishapokelewa hairudishwi. La kwanza si kweli. Taka za juu unaweza kuziengua kwa upawa, ila chuma kilichokwisha kuyeyuka ndani ya alumini hakuna karakana ndogo inayoweza kukitoa, na risasi iliyotapakaa vilevile. La pili linapingana na sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na hakuna mpokea mzigo getini anayeweza kuona asilimia za risasi kwa kutazama mkuo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza kabisa, leo hii, mwajulishe wateja wengine wote waliochukua mikuo ya mstari mwekundu, hasa wanaosubu sufuria, waache kuitumia. Hili lisisubiri mambo ya fedha yamalizike. Kisha mje kuchukua mikuo iliyobaki kwa gharama zenu, mturudishie fedha ya tani nzima, mlipe makaa na vibarua vya kazi iliyoharibika pamoja na matibabu ya kijana. Na mnipe kwa maandishi namba ya mkupuo na jina la maabara iliyotoa kile cheti, kwa sababu ama maabara ilipima kitu kingine, ama haikupima kabisa.

Nawapa siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila majibu nitapeleka mikuo, kipande cha risasi na cheti chenu Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani. Kuhusu sufuria sitasubiri hizo siku 14. Kesho asubuhi nitawapigia simu wasubuji ninaowafahamu Buguruni na Gerezani, niwaambie waangalie chini ya vyungu vyao.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa Karakana

Viambatanisho: nakala ya ankara na cheti, majibu ya maabara, picha za mkuo uliopasuliwa, risiti za hospitali.