Disketi zetu ziko kwangu

Ndugu yangu Bahati,

Salamu nyingi toka Bukavu. Sisi wazima, watoto wanasoma, Mama Neema anakusalimu sana, mvua inanyesha kila siku na habari za umeme unazijua. Ni zamani sijakuandikia, na simu zetu kila mara zinakatika kabla hatujaingia kwenye maneno yenyewe. Leo nina neno.

Wiki iliyopita Mama aliniita niende Nguba. Anataka kupangisha kile chumba cha nyuma, akaniambia nije nichukue "vyuma vyenu" kabla Ya Désiré hajavipeleka kwa wanunuzi wa shaba. Bahati, ile kompyuta ya 486 ya Papa bado ipo! Chini ya meza ileile, imefunikwa kitenge, na kando yake katoni ya disketi imefungwa kamba. Nilibeba vyote kwa pikipiki. Kioo nilikirudia kesho yake, kwa uzito wake.

Jioni nikaifungua. Unaikumbuka ile betri ya bluu, fupi na nene, iliyochomelewa pembeni mwa ubao? Ilikuwa imevuja siku nyingi, na maji yake yamekula njia za shaba hadi karibu na tundu la kibodi, zote kijani. Fundi mwingine angesema imekwisha. Lakini maji ya betri za aina ile ni ya jamii ya magadi, na tindikali kidogo huyatuliza. Nikakamua ndimu, nikasugua taratibu kwa mswaki, nikapitisha pombe ya duka la dawa, nikaiacha ikauke juu ya kabati. Palipokatika kabisa nikachomelea uzi mwembamba wa shaba. Bila betri haikumbuki hata diski yake yenyewe, kwa hiyo nikasoma namba kwenye kibandiko cha diski, silinda, vichwa na sekta, nikaziingiza kwa mkono moja moja.

Umeme ulirudi usiku, watu wamelala. Nikawasha. Ikahesabu kumbukumbu yake na ule mlio wa tiki tiki tiki mpaka ikafika megabaiti 4, ikanyamaza kidogo, halafu C: ikatokea. Tarehe ikasema 1 Januari 1980. Nilimwamsha Mama Neema! Alikuja na usingizi wake, akakaa, akaangalia.

Faili ya kibodi ya Kifaransa imeharibika. Nikaandika jina la programu, qbasic, kioo kikaonyesha abqsic, maana A na Q zimebadilishana nafasi. Nikaandika upya kwa vidole vya Kiingereza, na GORILLA.BAS, ule mchezo wa masokwe, ikafunguka. Ile yetu, Bahati, tuliyoibadilisha. Inauliza Pembe na Mwendo kama tulivyoiandika. Nikawaita masokwe wangu Kahuzi na Biega kama zamani, ndizi zikaruka juu ya maghorofa, na jua bado linashtuka likipigwa. Nikapunguza 9.8 ya mvutano kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ndizi ikaondoka kwenye kioo, nikacheka peke yangu.

Mchezo ule ulikuja bure ndani ya mfumo wa MS-DOS 5 mwaka 1991, na maandishi yake yote yalikuwa wazi, mtu yeyote aweze kuyasoma na kuyageuza. Kila ninachokijua leo kuhusu kompyuta kilianzia pale, kwenye kuuliza "tukifuta mstari huu kitatokea nini?" na Papa akisimama nyuma yetu bila kutukataza. Sijui watoto wangapi wa mji huu walipewa ruhusa kama ile. Mchana nashinda kwenye bohari ya dawa, lakini jioni mimi ni yule yule. Cito ananiambia umri wetu si wa kuchezea vyuma tena. Simkubalii. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, watu wananiletea mashine nzima kabisa, eti zimekufa, kwa kuwa Windows 11 inadai kichipu cha usalama cha TPM 2.0 ambacho hazina. Ninaziwekea mfumo mwingine wa bure, Linux, na zinarudi kazini. Mwalimu mmoja wa Bagira aliondoka na yake akiwa haamini.

Basi, turudi kwenye disketi, maana ndizo zinaninyima usingizi. Unyevu wa kile chumba umeziingia. Ukivuta kile kifuniko cha chuma unaona madoa meupe ya kuvu kwenye baadhi yao. Disketi ya namna hiyo ukiizungusha kabla ya kuisafisha, kichwa kinakwangua ule utando wa sumaku na kilichoandikwa hakirudi tena. Zilizo safi ni nyingi, nashukuru Mungu, lakini kisomeo cha 486 hakisomi; nimesafisha vichwa vyake, kinanguruma tu. Na ile diski ya ndani nayo imeanza kuchoka, nadhani hata faili ya kibodi imepotelea hapo. Nimetafuta kisomeo hadi Kadutu. Vijana wa maduka hawajawahi kushika disketi.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu: pita Luthuli Avenue hapo Nairobi ututafutie kisomeo cha disketi cha inchi 3.5, kile cha kuchomeka USB. Na ukikuta kwa mafundi cha zamani cha ndani, chenye waya bapa wa nyuzi 34, chukua nacho. Pesa nitarudisha.

Kuna nyingine. Kati ya hizo disketi ziko za Papa, zenye mwandiko wake: "Familia", "Barua 1997". Aliandika kwa WordPerfect, na programu ya LibreOffice inafungua faili zile, hilo halina shida. Nimezifunga kwenye mfuko peke yake na sizigusi mpaka uniambie. Mama ameshaniuliza kama ile barua ya shamba la Kabare inaweza kuwa humo. Nilimjibu sijui. Unajua mwenyewe mambo ya lile shamba, na Ya Désiré akisikia... tutaongea kwa sauti.

Neema amekwisha kuingia kwenye maandishi ya GORILLA. Amegeuza rangi ya anga kuwa nyekundu, sasa anataka sokwe wa tatu. Namwacha.

Niambie basi: hizo za Papa nizisome mimi, au nikungoje uje? Mama naye tumpe zote, au tuchague? Ile disketi yako ya njano yenye kufuli ulilochora ina nini? Neno la siri la programu yetu ya kuhesabu madeni ya duka unalikumbuka? Wewe bado unafungua mashine, au kazi imekula kila kitu? Na Furaha amejifungua?

Ukimpata mtu wa kuaminika anayekuja kupitia Kamembe, mpe mzigo na namba yangu. Nitampokea mpakani Ruzizi, saa yoyote mpaka ukiwa wazi.

Aksanti sana. Wako,
Murhula