Barua kutoka Hamburg: Nani anakwenda Nansio?

Hamburg, wiki ya kwanza ya Majilio

Mama, shikamoo. Mke wangu, wadogo zangu, nanyi watoto, Bwana Yesu asifiwe.

Barua hii analeta ndugu mmoja wa Kwimba anayefanya kazi bandarini hapa, anakuja kula Krismasi kwao. Ningeweza kupiga simu kama siku zote, lakini simu ya nyumbani kwetu mnaijua: nikigusa neno la maana, mmoja anaipokonya, mwingine anasema "subiri umsalimie mtoto", na mara kifurushi kimekwisha. Naomba isomwe baada ya chakula cha jioni. Asome binti mkubwa, na asiruke mstari, hata pale baba zake wadogo watakapoanza kukohoa.

Mimi mzima. Baridi imeshika kweli, jua linazama saa kumi jioni, na asubuhi saa mbili bado taa za barabarani zinawaka. Koti nililopewa na usharika linatosha. Mama, uliuliza kama nakula. Nakula. Mkate wao mweusi nimeuzoea, na juzi nilikutana na sangara dukani. Hapa anauzwa minofu iliyogandishwa, pakiti ina jina la ziwa letu, na bei yake wakiisikia wachuuzi wa soko la samaki la Mwaloni watakaa chini. Mnofu mweupe, hauna ngozi, hauna mfupa, hauna kichwa. Kichwa kimebaki huko kwenu pamoja na mapanki, ile mifupa inayobaki minofu ikishatolewa. Niliupika kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali kwa unga wa duka la Mghana mmoja, nikawakaribisha wenyeji wangu. Walisifu mno. Mimi nilikuwa natafuta mfupa wa kunyonya.

Uliuliza pia kama kanisa la huku lina mnada baada ya ibada. Halina, Mama. Fedha ya kanisa inakatwa pamoja na kodi ya mapato, hapa Hamburg ni asilimia 9 ya ile kodi yenyewe. Aliyechoka anakwenda ofisi ya serikali, anaandikisha kwamba ametoka kanisani, habari imekwisha. Hakuna kuku wa kushikwa miguu juu na mzee wa kanisa, akanadiwa, akauzwa mara tatu kwa sababu kila anayemnunua anamrudishia Bwana. Nimeukumbuka mnada kuliko nilivyotarajia. Ibada ni fupi, watu wanakwenda zao, na viti vingi ni vitupu, hilo ni kweli.

Lakini wale wahubiri wetu wanaosema Ulaya imekufa kiroho, wengi wao hawajalala hata usiku mmoja huku. Kuna jambo nataka niwaeleze polepole, maana ndilo lililonikalisha mezani.

Kila mwezi mama wa ofisi ya usharika anachapa orodha. Ni majina ya wazee wote wanaotimiza miaka 80 na kuendelea, pamoja na mtaa, namba ya nyumba na ghorofa. Kuna kikundi cha watu wa kujitolea, wengi wastaafu, wanakaa mezani na kugawana majina: huyu wako, huyu wangu. Unapiga simu kwanza, kwa sababu hodi isiyotarajiwa hapa inashtua. Siku yake ya kuzaliwa unakwenda na kadi na chungu kidogo cha maua, unakaa, unakunywa kahawa, unakula keki, unasikiliza. Mwanzoni nilicheka moyoni. Upendo unatoka kwenye printa!

Kisha nami nikapewa majina. La kwanza lilikuwa la mzee aliyefanya kazi kwenye makreni ya bandari, anakaa ghorofa ya nne, nyumba haina lifti. Nilimkuta amevaa tai. Vikombe viwili vilikuwa vimeshapangwa, kimoja kina ufa mdogo ukingoni, akakisogeza upande wake. Kwenye ukuta wa jikoni ametundika kalenda, na kwenye tarehe ile ameandika kwa penseli: mchungaji, Afrika, saa 9. Nikasoma na siku nyingine za mwezi ule. Daktari. Muuguzi. Daktari. Mtu wa kusoma mita. Aliniuliza habari za ziwa, lina upana gani, mawimbi yake yakoje, kama meli kubwa zinafika Mwanza. Nikamweleza. Nilipoinuka alisema mwakani nisichelewe, keki itakuwa ya tufaha.

Mzee huyu ana pensheni, ana bima, ana mtu wa kumletea chakula. Hakuna aliyemdhulumu. Na bado bila karatasi ile ya ofisini, tarehe yake ingepita kama nyingine.

Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio wanasoma majina ya waumini waliokufa mwaka huo, na kila jina linawashiwa mshumaa. Jamaa wa marehemu wanaandikiwa barua waje. Mwaka huu mimi nilisaidia kusoma. Wengine walisimama watoto na wajukuu mstari mzima. Jina moja la bibi mmoja hakusimama mtu wa ukoo. Alisimama mama mmoja wa kile kikundi cha orodha, mkoba bado begani, akaenda kuwasha mshumaa wake, akarudi kukaa. Kwao halikuwa jambo la ajabu.

Basi, tuje kwetu.

Shangazi ameanguka huko Nansio, kisiwani Ukerewe, amevunjika nyonga, ametoka hospitali na sasa amelala ndani. Mambo haya yote niliyasoma kwenye kundi la familia. Nikaona na mlivyofanya: mchango ulitangazwa asubuhi, jioni umetimia. Mimi nilituma, wa Igoma akatuma, wa Sengerema akatuma, hata vijana wa chuo wakatoa walichonacho. Hapo sina neno, Mungu awabariki. Chini ya mchango zikafuata picha za mshumaa, picha za mikono iliyofumbatwa, na "pole sana Shangazi, tuko pamoja" kuanzia juu mpaka chini.

Ndugu zangu, simu ya Shangazi ni kitochi. Hayumo kwenye kundi lile. Zile pole zote tulipeana sisi kwa sisi.

Nilimpigia. Sauti yake iko chini lakini akili iko sawasawa. Alishukuru, akataja kiasi kilichofika bila kukosea hata shilingi, kisha akauliza: "Hela imefika, mwanangu. Watu je?" Nikamwambia mke wangu alikuja. Akasema ndiyo, alikuja na mtoto mdogo, akamwosha, akafua, akalala siku mbili, akarudi kazini. Halafu akanyamaza ili niendelee kutaja. Sikuwa na mwingine wa kumtaja.

Mama, magoti yako nayajua, hakuna anayekudai wewe kupanda meli ukamwone wifi yako. Mke wangu, wewe umeshatimiza. Nazungumza na wengine.

Tangu nije huku naona kuna desturi imeota nyumbani. Jambo likitokea, swali la kwanza ni "kaka atatuma ngapi", na nikishatuma, kila mtu anahisi amekwisha kwenda. Fedha yangu imekuwa miguu yenu. Sipendi. Mimi ni mchungaji, nimetumwa hapa kwa mkataba mpaka mwakani, siwezi kuvuka maji kuja kumgeuza Shangazi kitandani. Ninyi mnaweza. Someni tena Mathayo 25, na asome yule wa kipaimara ili ajue imeandikwa wapi: mwenye njaa alipewa chakula, mwenye uchi alivikwa, lakini mgonjwa na mfungwa waliendewa. Muamala unaweza kulisha na kuvisha. Kwa hao wawili hauna kazi.

Na wala hili si jambo la kujifunza Ulaya. Wadogo zangu mlikuwa bado wadogo MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, ikiwa imebaki kidogo tu kufika bandarini Mwanza. Mji mzima ulikuwa msiba. Baba wakati ule alikuwa mwinjilisti asiye na mshahara wa kueleweka, na ndani ya ile meli hatukuwa na ndugu hata mmoja. Alichukua dumu la njano la lita ishirini na kikombe cha bati, akapanda Igoma walikokuwa wakizika. Nilimfuata, sikufukuzwa. Hakuhubiri. Alikuwa anapita kwa wachimba makaburi na kwa watu waliokaa chini, anachota, anampa mtu maji, anasubiri anywe, anapokea kikombe, anakwenda kwa mwingine. Dumu likiisha anakwenda kulijaza. Alirudi siku ya pili na ya tatu. Nyumbani hapakuwa na senti ya rambirambi, na sikumbuki yeyote aliyemdharau kwa hilo.

Kwa hiyo na sisi tuchape orodha. Msicheke. Nimeshaiandaa, na kila mmoja nimempima kwa shughuli zake.

Wewe wa Igombe, mvuvi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa zako hazivuti dagaa, mtumbwi unalala ufukweni, na siku hizo najua unazimalizia kwenye bao. Ni zako sasa. Kila mwezi, mbalamwezi ikikomaa, Nansio. Mbebee dagaa wabichi, waliokauka anao.

Wewe wa Sengerema, miaka yote umetuambia foleni ya kivuko pale Kigongo. Tulikuamini, maana foleni ilikuwepo. Sasa daraja limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache na mzigo wako wa mchele. Sababu hiyo tumeizika. Ukija mjini kuuza, lala hapo nyumbani, kesho yake panda meli ya Nansio.

Wa Igoma na mkeo, nafahamu shemeji anaogopa maji tangu MV Nyerere ilipopinduka Septemba 20, 2018, ikiwa imekaribia Ukara. Hofu hiyo siidharau, aliwajua baadhi ya waliokuwamo. Ninyi piteni barabara ya Bunda, mvuke Kisorya kwenda Rugezi, maji pale ni mafupi. Ni mzunguko mrefu, lakini ng'ambo mtafika. Shemeji ana mkono mwepesi wa kumgeuza mgonjwa, na Shangazi anamwonea haya kidogo kuliko sisi wanaume.

Wa kipaimara aende likizo ya Desemba, akae wiki nzima. Amsomee Zaburi, lakini zaidi amchotee maji na asikilize hadithi zake za zamani za Ukerewe, hata zile alizokwisha kuzisikia. Simu yake ibaki mfukoni. Mchungaji wake wa usharika nimeshamwomba ruhusa, amekubali kwa furaha, akasema darasani kijana hukariri vizuri kuliko anavyoamka.

Binti mkubwa, wewe ndiye katibu. Andika majina kwenye karatasi, bandika jikoni karibu na mlango wa stoo, na kila aliyekwenda atie sahihi akirudi. Asiyekwenda akutazame usoni akueleze.

Kuhusu fedha. Safari hii sitatuma mchango wa Shangazi. Nitatuma nauli, kwa Mama, si kwenye kundi, na Mama atampa mtu mkononi akiwa ameshafunga mzigo. Dawa zikihitajika nijulishwe, hizo nitalipa. Hela ya Krismasi ya watoto iko kwa huyu ndugu wa Kwimba, kwenye bahasha ya kahawia, pamoja na soksi za Mama, jozi mbili za sufu, za rangi ile aliyoipenda.

Mke wangu, barua yako iko ndani ya ile bahasha nyeupe iliyogundishwa. Hiyo isisomwe mezani.

Wasalimieni wazee wa kanisa na mama zetu wa kwaya. Ndugu huyu anarudi huku katikati ya Januari. Mkipata michembe mizuri, na matobolwa kidogo, viazi vyetu vitamu vilivyokaushwa, mfungieni. Nimewaahidi wale wa kikundi cha orodha kwamba wataonja.

Wenu,
Baba Mchungaji