Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Kongamano la Waandishi na Wasomaji wa Riwaya za Kutisha na za Upelelezi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi,
Waandishi, wachoraji wa majalada, wauza vitabu na wasomaji,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii ya pili tukiwa wazima, ukizingatia kwamba jana usiku taa za ukumbi zilizimwa kwa makusudi na hadithi zikasomwa kwa mwanga wa chemli moja. Pili, tunakushukuru wewe mwenyewe kwa kufika kwa miguu yako na si kwa kutuma mwakilishi. Jambo hilo mwaka jana hatukulipata, na limetufariji sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia hatutairefusha. Mizimu, majini na mumiani walikuwa wakisimuliwa barazani tangu enzi za mababu. Kwenye vitabu, riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957–1958 na kuchapishwa 1960. Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo 1965, na Elvis Musiba akatoa Kufa na Kupona 1974. Sisi ni vitukuu vya hao.

Kikundi chetu, kinachojiandikia na kujichapishia vitabu, kimepata mafanikio makubwa. Tumeanzisha maktaba ya kisasa ya kuazimisha vitabu, yaani kabati la kioo lenye funguo mbili, mmoja ukiwa umepotea. Tumefungua soko la vitabu la kila Jumamosi, ambalo ni meza. Tumeendesha pia mafunzo ya kitaalamu ya kuficha muuaji: aingizwe mapema, apewe shughuli halali pale penye tukio, na kidokezo chake kitajwe katikati ya vitu vitatu, kwa kuwa msomaji hushika cha kwanza na cha mwisho. Kwa upande wa kutisha, tumekubaliana kwamba jini asionekane mzima kabla ya robo ya mwisho ya kitabu. Wapo waliokataa kukubali, nao wako ukumbini.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi, lakini kamati imeamua kukuchosha na moja tu, ambayo si mpya masikioni mwa waliokutangulia kwenye kiti hicho: mashine ya kujalidi vitabu kwa gundi ya moto.

Kuandika tunaweza. Kuhariri, kupanga kurasa na kuchapa tunaweza. Tunakwama kwenye mgongo wa kitabu. Kitabu chetu cha kawaida kina kurasa 160 za A5, yaani nusu ya A4. Hizo ni karatasi 40 za A4 kwa nakala, na toleo la nakala 500 hula karatasi 20,000, sawa na rimu 40. Stepla ya katikati haikidhi, maana ukipita kurasa 64 hivi kitabu kinatuna na kukataa kufumba. Stepla ya pembeni inameza karibu sentimita nzima ya ukingo wa ndani, na msomaji analazimika kukipanua kitabu kwa magoti ili asome mwisho wa mstari.

Tumebaki na gundi nyeupe ya seremala. Hatutaisema vibaya, kwa sababu ikipakwa vizuri ni imara. Unazipanga karatasi, unazibana kati ya mbao mbili, unakwaruza mgongo kwa msumeno mdogo, unapaka mkono wa kwanza mwembamba, unasubiri, unapaka wa pili, kisha jalada. Shida yake ni kukauka. Bano letu hubeba vitabu 10 na hulala navyo usiku kucha, kwa hiyo nakala 500 ni siku 50, kama masika haijaingia. Ikiingia, hesabu hiyo isahau. Na watu wakiona foleni huharakisha. Gundi inapakwa juu ya mgongo usiokwaruzwa, inashika ncha za karatasi tu, na kitabu kinauzwa kikiwa na afya ya juu juu.

Inayochomoka kwanza ni karatasi ya kwanza au ya mwisho, kwa sababu ndizo zinazovutwa kila jalada linapofunguliwa. Katika riwaya ya mapenzi hilo ni hasara ndogo. Katika riwaya ya upelelezi, Mheshimiwa, karatasi ya mwisho ndiyo yenye muuaji. Msomaji amevumilia kurasa 158, watuhumiwa wamebaki watatu chumbani, na ukurasa wa 159 umedondoka kwenye daladala. Huyo harudi tena mezani kwetu, na akirudi hajaja kununua.

Mashine tunayoiomba ni ya mezani. Ina kibano cha kushika karatasi, kisu kinachosaga mgongo milimita 1 hadi 2 ili gundi ipenye kila karatasi, chungu cha gundi chenye rola, na kitako cha kukandamiza jalada. Gundi yake huyeyushwa kwa nyuzijoto 160 hadi 180. Chini ya hapo inakuwa nzito na haipenyi, na ikizidi inaungua, inageuka kahawia na kupasuka kama ganda. Kitabu kimoja hakimalizi dakika mbili. Inatumia umeme wa kawaida wa nyumbani, wala haihitaji fezi tatu.

Na ili isidhaniwe kwamba tunategemea mashine itufanyie kila kitu, suala la karatasi tumelishughulikia wenyewe. Rimu nyingi za A4 za madukani nyuzi zake hufuata urefu. Ukiikata katikati upate A5, nyuzi zinakingama mgongo. Karatasi ikinywa unyevu wa Pwani hutaka kutanuka kufuata mgongo, nao mgongo umeshikwa na gundi. Kitabu kinafanya mawimbi, na kikilazimishwa kulala wazi gundi inakatika. Hivyo tutanunua karatasi kubwa na kuzikata wenyewe ili nyuzi zisimame sambamba na mgongo. Kisu cha kukatia tunacho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka juzi mgeni rasmi wetu aliitamka mashine hii kwa kinywa chake, tukapiga makofi hadi mikono ikauma. Kwa furaha hiyo kamati iliondoa kabati ukutani, ikaweka soketi mpya, na ikachapisha majalada 500 yenye mgongo wa milimita 8. Mwaka jana alikuja mwakilishi, akaahidi kuifuatilia ahadi, akatuachia fulana na kalenda. Tunashukuru. Fulana bado tunazivaa. Kalenda ziliisha Desemba. Soketi inachajia simu, na majalada yako kwenye maboksi chini ya jukwaa hili hili ulilokaa.

Tunajua tutaulizwa kwa nini tusikope ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sisi tumechanganyika: mhariri ni babu, mchoraji ni kijana wa chuo, mwandishi anayeuza kuliko wote ni mama muuza vitumbua. Tumeshauriwa tujigawe. Tukijigawa, babu atabaki na makosa ya tahajia peke yake.

Kwa heshima kubwa, basi, hatuombi mashine itamkwe tena. Tunaomba mambo matatu madogo kabla hujanyanyuka: jina la mtu wa ofisini kwako atakayelishughulikia, namba yake ya simu, na tarehe. Ankara kifani (proforma) tatu zimo ndani ya bahasha ya kaki iliyo mbele yako, chini ya chupa ya maji. Kalamu nayo ipo, tumeijaribu, inaandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Maandalizi