Ile 196 ya dakika ya tatu

Swahiba,

Barua yako nimeipata pamoja na majibu ya kipimo cha presha ulichofanyiwa ukitembea kwenye mashine ya mazoezi. Umeing'ang'ania 218 ya mwisho, na daktari naye kaizungushia duara kwa sababu kwa mwanamume 210 ndiyo mpaka unaotumika sana (kwa mwanamke ni 190). Mimi hiyo hainishtui sana. Ulianza na 128/82, na namba ya juu ya presha hupanda kama 10 kila kazi ya mwili inapoongezeka kwa kiasi kile mwili unachotumia ukiwa umetulia. Hatua ya tatu ya mashine, pale ulipoishia, ni karibu mara kumi ya utulivu, yaani nyongeza tisa. Piga hesabu mwenyewe, utaikuta palepale.

Kinachonisumbua ni 196 ya dakika ya tatu. Pale ulikuwa unatembea kilomita 2.7 kwa saa, ingawa kwenye mwinuko wa asilimia 10. Kwa kazi ile nilitarajia 160 na kitu. Mazoezi yakianza, mishipa midogo ya misuli inapaswa kufunguka ili damu ipite kwa wepesi. Ndiyo maana namba ya chini hubaki ilipo au hushuka. Mishipa ikiwa imekakamaa, moyo husukuma kwenye mpira usiotanuka. Mara nyingi nyuma yake kuna presha iliyojificha: kwa daktari iko sawa, nyumbani na kazini iko juu.

Ila uliza kwanza ilipimwaje. Ulikuwa umekamata vyuma vya mashine? Kukaza ngumi peke yake kunapandisha presha. Mkanda wa presha ulikuwa mdogo kwa huo mkono wako wa mpiga makasia? Mkanda mdogo husoma juu. Na kama kilisoma kipima presha chenyewe bila mtu kusikiliza kwa stetoskopu, mtikisiko wa mkono hukichanganya.

Kisha jipime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni. Kaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, usiongee. Pima mara mbili, uachanishe dakika moja, andika zote. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85, rudi kwa daktari na daftari, mwombe kipimo cha saa 24. Wiki hiyo usimeze vidonge vya mafua vya kuzibua pua, vitakuharibia hesabu.

Kutembea usiache. Nenda mwendo unaokuruhusu kuongea, na usisimame ghafla mwishoni. Vyuma vizito viweke kando kwanza. Ukinyanyua huku umebana pumzi, presha hupaa ndani ya sekunde chache.

Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika ukiwa njiani, simama, uende hospitali siku hiyohiyo. Na kwenye karatasi yako sijaona presha za mapumziko baada ya mashine kuzimwa. Waombe, wanazo.

Wako,
Swahiba