Tuwaite watu kwenye Uislamu, si kwenye makundi yetu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji niseme na ndugu zangu walinganiaji juu ya jambo linalozidi kuota mizizi katika mihadhara, darasa na mawaidha yanayosambazwa kwa simu. Mtu huanza kwa kuwaita watu kwa Mwenyezi Mungu, lakini hafiki mbali kabla hajajitangaza kwa jina la kundi lake na kuwataja wenzake kwa majina ya kubandikwa, huyu Wahabi, yule mtu wa bidaa (uzushi katika dini), na msikilizaji aliyekuja kuujua Uislamu akaondoka akiwa ameujua ugomvi wetu.

Sina neno na madhehebu kama elimu. Imamu Shafii alisoma kwa Imamu Malik, na Imamu Ahmad akasoma kwa Shafii. Walihitilafiana katika mas'ala mengi na heshima baina yao ikabaki. Mwanafunzi wa fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, hana budi kujua kauli fulani ni ya nani na imejengwa juu ya dalili gani. Ninachokipinga ni jina la kundi kufanywa mlango wa kuingilia dini, au fimbo ya kumchapia Mwislamu mwenzako mbele ya mtu ambaye hata shahada hajaitamka.

Qur'ani imelisema jambo hili waziwazi. Katika Sura Fussilat, aya ya 33, Mwenyezi Mungu anauliza ni nani mwenye kauli bora kuliko anayeita watu kwa Allah, akatenda mema na akasema kuwa yeye ni miongoni mwa Waislamu. Aya hiyo inamzungumzia mlinganiaji hasa, na utambulisho aliopewa ndani yake ni huo mmoja tu. Mtume (s.a.w.) naye alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimpangia kazi yake hatua kwa hatua: awaite kwanza kwenye shahada, wakikubali awafundishe sala tano, wakikubali awaeleze zaka inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa maskini wao. Mpangilio ule ungetutosha hadi leo lau tungeufuata.

Wapo watakaosema kwamba jina la kundi lao ni jina tukufu, lenye asili katika Sunna au katika mapenzi kwa watu wa nyumba ya Mtume, hivyo hakuna ubaya kulinadi. Ndugu hao wanakumbushwa kisa kilichopokewa na sahaba Jabir na kuthibiti katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Wakiwa katika msafara wa vita, mtu wa Muhajirina (waliohama kutoka Makka) alimpiga mtu wa Ansari (wenyeji wa Madina waliowapokea). Mmoja akapaza sauti kuwaita Ansari wenzake, na wa pili akawaita Muhajirina. Mtume alipousikia mwito huo aliuita wa kijahilia, yaani wa zama za kabla ya Uislamu, akaamrisha uachwe kwa kuwa unanuka. Na majina yale hayakuwa ya aibu, kwani Sura Tawba, aya ya 100, inawasifu wenye majina hayo kwa radhi za Mwenyezi Mungu. Lililokemewa ni kuyafanya bendera ya kukusanyia watu dhidi ya ndugu zao. Ikiwa majina yaliyosifiwa na Qur'ani yalikatazwa kutumiwa hivyo, sijui majina tuliyojichagulia wenyewe, au tuliyowabandika wenzetu, tutayatetea kwa hoja gani.

Madhara yake nimeyaona kwa karibu. Kijana mmoja alisilimu mbele ya hadhara, watu wakaleta takbiri na kumkumbatia kwa furaha, na kabla hajaihifadhi Alfatiha akawa ameshapewa orodha ya misikiti asiyopaswa kusali na masheikh asiowasikiliza. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa kama sala yake itabatilika iwapo atasimama nyuma ya imamu anayeleta kunuti, dua ya kusimama, katika sala ya alfajiri. Udhu wake ulikuwa bado haujatengemaa, naye akibebeshwa hitilafu ambayo maimamu wakubwa waliishi nayo kwa amani.

Nafahamu hofu ya wale wanaoona kwamba kunyamazia majina ni kunyamazia upotofu. Hofu hiyo haitokani na nia mbaya, lakini dawa yake ni kulieleza lenyewe linalobishaniwa. Mlinganiaji akiona kuna kosa katika dua au katika ibada fulani, na alitaje kosa hilo, alete aya na hadithi, aeleze wanavyuoni wamesemaje, msikilizaji apime. Akisema tu kwamba watu wa kundi fulani wamepotea, hajafundisha chochote, na huenda amewahukumu wengi wasioyaamini kamwe hayo anayowasingizia. Sahaba Abdullah bin Masud alipinga Khalifa Uthman kusali rakaa nne Mina, karibu na Makka, badala ya mbili za msafiri, akalisema waziwazi, kisha akasali nne nyuma yake. Alipoulizwa, alijibu kwamba kuhitilafiana ni shari.

Hata wanavyuoni wa zama zetu wamelishughulikia hili. Waliokutana Amman, Jordan, mwaka 2005 waliyatambua madhehebu manane, manne ya Sunni pamoja na Jaafari, Zaidi, Ibadhi na Dhahiri, wakakataza kuwakufurisha wafuasi wake. Makubaliano hayo hayakufuta hitilafu hata moja, wala hayakuhitaji kufanya hivyo.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandaa mihadhara ya wasiokuwa Waislamu wakubaliane na wazungumzaji, kabla ya siku yenyewe, kwamba jina la kundi lolote halitatajwa jukwaani, na kwamba atakayeulizwa kuhusu makundi atajibu kwa ufupi na kwa uadilifu kisha arudi kwenye mada. Wanaosimamia mafunzo ya waliosilimu nao waanze na tauhidi (kumpwekesha Mwenyezi Mungu), tohara ya ibada kama udhu, sala na tabia njema, na mas'ala ya hitilafu yasubiri mpaka mwanafunzi awe na msingi wa kuyabeba.

Wabillahi tawfiq.

Msomaji wako